Buyenzi: mtaa uliomezwa na mji, mji uliomezwa na mkoa

Warundi walipopanga foleni Juni 5, 2025 kuwachagua wabunge na madiwani, walipiga kura juu ya ramani wasiyoizoea. Mikoa 18 ilikuwa imepunguzwa hadi 5: Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega. Komine 119 zilikuwa zimebaki 42. Matokeo ya kura yalizungumzwa sana, kwa kuwa chama tawala cha CNDD-FDD kilitwaa viti vyote 100 vya Bunge vilivyoshindaniwa, na upinzani ukayakataa. Ramani yenyewe ilijadiliwa kwa uchache, ingawa mabunge huisha muda wake na mipaka, ikishachorwa, huishi miaka mingi.

Miongoni mwa maeneo yanayoisoma ramani hiyo kwa jicho la pekee ni Buyenzi, mtaa wa Waswahili katikati ya Bujumbura. Buyenzi ina jina, historia, lugha na soko linalojulikana nchi nzima. Tangu miaka kumi na zaidi iliyopita haina baraza lake la madiwani. Imezungukwa pande zote na mji mkubwa, na mji huo nao, kwa mageuzi ya sasa, umetiwa ndani ya mkoa unaochanganya vitongoji vya jiji na mashamba ya mpunga ya bonde la Rusizi. Swali linaloulizwa vibarazani, baada ya sala na kabla ya chai, ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: nani anayeisemea Buyenzi?

Mtu asiyeijua Burundi aangalie pia asichanganye majina. Kuna Buyenzi nyingine, eneo la milima la kaskazini, upande wa Ngozi na Kayanza, linalosifika kwa kahawa. Makala haya yanahusu Buyenzi ya mjini, ile isiyo na mlima.

Komine, tarafa, zoni

Vyumba vya habari vya Kiswahili vimezoea kuita komine ya Burundi "tarafa". Tafsiri hiyo inasomeka vizuri na inapotosha vilevile, na sisi tunaoifanya kazi hiyo kila siku tunalijua hilo. Msikilizaji wa Tanzania akisikia tarafa, humwona mbele yake katibu tarafa, ofisa wa serikali asiye na baraza la kuchaguliwa nyuma yake. Komine ya Burundi ni kitu kingine. Ina baraza la madiwani waliopigiwa kura, ina msimamizi wake, ina bajeti, na ina mamlaka ya kutoza ushuru wa masoko na ada nyinginezo. Chini yake ipo zoni, daraja la usimamizi lisilo na baraza la kuchaguliwa, ambalo mkuu wake huteuliwa. Chini ya zoni upo mlima, au mtaa kwa upande wa mjini, wenye baraza dogo la watu watano wanaochaguliwa na majirani zao.

Hadi mwaka 2014 jiji la Bujumbura lilikuwa na komine 13, na Buyenzi ilikuwa mojawapo. Mwaka huo sheria ikazikusanya 13 kuwa 3: Muha kusini, Ntahangwa kaskazini, na Mukaza katikati. Mukaza ilizipokea Buyenzi, Bwiza, Nyakabiga na Rohero, kila moja ikashushwa kuwa zoni. Mtu akiniuliza Buyenzi ilipatwa na nini mwaka huo, jibu la mtafsiri ni fupi: iliacha kuwa komine, ikawa tarafa kwa maana ya Kitanzania. Ndiyo maana katika makala haya nimeyaacha maneno komine na zoni kama wenyeji wanavyoyatamka.

Ramani mpya, iliyotokana na sheria ya Machi 2023, haikuirudishia Buyenzi hadhi hiyo. Imebaki zoni ya Mukaza. Kilichobadilika ni kilicho juu yake.

Mstari uliochorwa na wengine

Ili kuelewa kwa nini jambo linaloonekana kuwa la karani na mhuri linagusa mioyo, inafaa kurudi mwanzo. Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, ilianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, penye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Watu waliokusanyika kando ya kituo hicho hawakuwa watu wa milimani. Walikuwa askari, wapagazi, wachuuzi na mafundi waliotoka Ujiji, Manyema na ng'ambo ya ziwa, wengi wao Waislamu, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Wabelgiji walipouteka mji mwaka 1916 waliwakuta hapo, na walipoufanya kuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi waliwahitaji kwa kazi na kuwaogopa kwa dini yao.

Baina ya vita viwili vya dunia, utawala wa Kibelgiji uliwapanga upya katika mtaa wa barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari, zenye namba badala ya majina, kusini mwa mto Ntahangwa. Huo ndio Buyenzi. Jirani yake ulikuwa mtaa ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Mitaa hiyo miwili iliwekwa chini ya mfumo ambao Kongo ya Kibelgiji iliutungia amri mwaka 1931 na ambao baadaye ulifika Usumbura: centre extra-coutumier, yaani kituo kilicho nje ya mila.

Jina hilo linastahili kutazamwa kwa makini, maana limebeba hukumu nzima. Burundi ya wakati ule ilitawaliwa kwa njia mbili. Milimani kulikuwa na mwami na machifu wake, na mila ndiyo iliyokuwa sheria. Mjini kulikuwa na Wazungu na sheria iliyoandikwa. Mkazi wa Buyenzi hakuwa wa kwanza wala wa pili. Hakuwa raia wa chifu yeyote, na mji wa Wazungu, aliouendea kila alfajiri kufanya kazi, haukumhesabu kuwa wake. Kituo kilipewa mkuu wake, baraza lake na mahakama yake, vyote chini ya jicho la ofisa wa Kibelgiji. Shabaha ilikuwa kuwaweka wafanyakazi mahali panapohesabika.

Hata hivyo, ndani ya mstari huo uliochorwa kwa nia ya kutenga, watu walijenga maisha. Misikiti na madrasa vilisimama pale ambapo shule rasmi zilikuwa mikononi mwa misheni za Kikristo. Ndoa ziliunganisha Wamanyema na Warundi, Wakongo na Wahaya. Akazaliwa Mswahili wa Bujumbura, mtu ambaye akiulizwa mlima wake, swali la kwanza la utambulisho nchini Burundi, hana cha kutaja ila namba ya barabara.

Mwanamfalme Louis Rwagasore alilitambua hilo mapema kuliko wanasiasa wengine wa kizazi chake. Alipoanzisha ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957, na kisha alipokiongoza chama cha UPRONA kudai uhuru, wachuuzi wa Buyenzi na Bwiza walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono kwanza na kwa uaminifu zaidi. Septemba 1961 UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64. Oktoba 13 mwaka huohuo Rwagasore aliuawa. Wazee wa Kiswahili wa mji huo hupenda kulikumbusha jambo hili kila mtu anapowaita wageni, na wana haki ya kulikumbusha: chama kilichouleta uhuru kilikula, kililala na kilikutana nyumbani kwao.

Uhuru haukuwaondolea utata. Siasa ya Burundi iliyofuata ilipangwa kwa majina matatu, Wahutu, Watutsi na Watwa, na Katiba ya leo bado inagawa viti vya Bunge kwa hesabu hiyo, asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, pamoja na viti vitatu vya Watwa. Mswahili hana safu katika hesabu hiyo, hivyo akitaka kugombea lazima kwanza ajiandike kuwa mmoja wa hao. Kwa watu wa namna hiyo, komine yenye jina la Buyenzi ilikuwa zaidi ya ofisi. Ilikuwa safu yao.

Miaka ya vita ilithibitisha thamani ya mtaa huo usio na kabila moja, na pia mipaka ya ulinzi wake. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, vitongoji vya Bujumbura viligawanyika kimoja baada ya kingine, hiki cha Wahutu, kile cha Watutsi. Buyenzi na Bwiza zilikuwa za mwisho kubaki na mchanganyiko. Machi 1995 mauaji yalizifikia nazo, na makumi ya maelfu ya watu walikimbia mji kuelekea Zaire. Lakini Buyenzi haikugeuka kuwa mtaa wa kabila moja. Baada ya vita, watu walipotafuta mahali ambapo Mhutu na Mtutsi walikuwa bado wanauziana unga na kuombana chumvi bila kuulizana, vidole vingi vilielekezwa huko.

Fedha, soko, mto

Tuyaache ya heshima, tutazame ya mfukoni. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Pierre Nkurunziza, serikali ilianza kuipa kila komine faranga milioni 500 kwa mwaka kwa ajili ya miradi ya maendeleo, kupitia mfuko wa taifa wa uwekezaji wa komine, FONIC. Fedha ziligawanywa kwa komine, si kwa idadi ya watu. Komine ya milimani ilipata milioni 500. Mukaza, iliyozimeza komine nne za zamani, ilipata bahasha moja ileile. Laiti Buyenzi, Bwiza, Nyakabiga na Rohero zingebaki kama zilivyokuwa, hesabu ya darasa la pili inaonyesha zingepokea mara nne. Hilo halikupangwa na mtu kwa ubaya, kwani muungano wa 2014 uliutangulia mpango wa fedha. Lakini mkazi anayetazama mfereji uliojaa taka mbele ya mlango wake haulizi nani alitangulia.

Kisha soko. Januari 27, 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto, na maelfu ya wafanyabiashara wakatawanyika kwenye masoko mengine ya jiji. Ruvumera, soko la Buyenzi, lilibeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Nguo, vitambaa, vyombo, vipuri: Bujumbura nzima hununua Ruvumera, na wachuuzi wa mikoani hushuka huko kwa jumla. Kuzunguka soko kuna karakana za magari ambazo zimeifanya Buyenzi kuwa hospitali ya kila gari bovu la nchi, japokuwa uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umewaacha mafundi wengi wakikaa juu ya magurudumu yasiyozunguka. Ushuru wa shughuli hizi zote huingia katika komine. Komine ni Mukaza. Ni kiasi gani kinachorudi Buyenzi kuzibua mifereji na kuweka taa, hiyo ni hesabu ambayo mkazi wa Buyenzi hana diwani wake pekee wa kumtaka aisome hadharani. Kilio cha wachuuzi sokoni ndicho hicho: ushuru unajua njia ya kutoka, haujui njia ya kurudi.

Mto Ntahangwa unaeleza tatizo kwa namna nyingine. Ni mto wenye hasira unaposhuka kutoka milimani wakati wa mvua, nao umekuwa ukizila kingo zake na nyumba zilizo juu ya kingo hizo katika sehemu kadhaa za jiji. Kwa mgawanyo wa 2014, ukingo wa Buyenzi ulikuwa wa Mukaza na ukingo wa Ngagara ukawa wa komine Ntahangwa. Kwa kazi kama hii, lazima nikiri, komine ndogo ya Buyenzi isingefua dafu. Kuta za kuzuia mmomonyoko hujengwa kwa fedha za serikali kuu na wafadhili, na zoni, komine na mkoa wote hubaki kuandika barua.

Wapo, kwa hiyo, wanaosema Buyenzi haikupoteza kitu, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Serikali ilipoyatetea mageuzi haya ilisema vitengo vidogo vinakula bajeti kwa mishahara na samani, na kwamba komine kubwa ndiyo inayoweza kujitegemea. Kwa upande wa Mukaza hoja hiyo ina mguu wa kusimamia. Rohero ndiyo kitovu cha benki, wizara na maduka makubwa, na komine inayoiweka Rohero na Buyenzi katika kapu moja inaweza, ikitaka, kuchukua kwa tajiri na kumpa maskini. Komine ya Buyenzi peke yake ingekuwa na soko na karakana, na mzigo wa watu waliosongamana familia tatu au nne kwenye uwanja mmoja.

Neno la kutiliwa mkazo hapo ni "ikitaka". Hakuna kanuni inayolazimisha sehemu fulani ya ushuru wa zoni irudi katika zoni. Hakuna diwani anayechaguliwa na Buyenzi pekee na anayeweza kunyimwa kura na Buyenzi pekee. Madiwani wa Mukaza huchaguliwa kwa orodha za vyama kwa komine nzima. Anaweza kutokea kwenye orodha mtu wa Buyenzi, hata watu kadhaa, lakini aliyemweka kwenye nafasi ya juu ya orodha ni chama, na huko ndiko atakakotoa hesabu. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye kasoro ya mageuzi haya, si kwenye ukubwa wa komine. Vitengo viliongezwa ukubwa bila kuwekwa mlango mdogo wa mwananchi kuingilia.

Mfano wa karibu wa kukosekana kwa mlango huo ulionekana Machi 2022, serikali ilipozizuia pikipiki, bajaji na baiskeli kuingia katikati ya jiji. Vijana wengi wa mitaa ya watu wa kawaida waliishi kwa vyombo hivyo. Uamuzi ulitoka ngazi ya wizara, ukatekelezwa na polisi, na malalamiko hayakuwa na kituo cha kupita. Komine ya Buyenzi, kama ingekuwapo, pengine isingeubadilisha. Ila ingekuwa na kikao cha kuujadili, na kumbukumbu za kikao hicho zingeandikwa.

Majirani walifanyaje?

Afrika Mashariki ina Buyenzi nyingi. Kariakoo ya Dar es Salaam, iliyopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ni pacha wake wa karibu: barabara zilizonyooka, nyumba za Kiswahili, soko linalolisha nchi. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Juu ya kichwa cha Kariakoo mambo yalibadilika usiku na mchana. Chini, kata ya Kariakoo ilibaki na diwani wake, anayepigiwa kura na wakazi wa kata hiyo tu. Hiyo ndiyo tofauti ya Kariakoo na Buyenzi, nayo haitokani na utajiri.

Nairobi ina Kibra, makazi ya Wanubi waliotumikia jeshi la Waingereza. Serikali ya kikoloni iliwatengea zaidi ya ekari 4,000 mwaka 1918, kisha ikaacha mji uile ardhi hiyo kipande baada ya kipande, huku wenyewe wakiitwa wageni vizazi vinne mfululizo. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya pamoja ya ekari 288. Ni kidogo ukilinganisha na kilichokuwapo, lakini ni hati. Na tangu 2013 Kibra ina mbunge na wawakilishi wa wadi, ikiwemo Makina ambako Wanubi wana mizizi. Buyenzi haijawahi kudai hati ya namna hiyo, kwa kuwa viwanja vyake vilipimwa na kugawiwa mmoja mmoja tangu mwanzo. Lakini mwenendo wa mambo ni uleule: watu walioletwa au waliokuja na dola fulani, wakatengwa na dola hiyo, kisha dola iliyofuata ikawauliza mlitoka wapi.

Kampala ilikuwa na kisa cha kinyume. Kibuga cha Mengo, mji wa Kabaka, kilisimama kwa miongo mingi nje ya mamlaka ya mji wa Kampala, kikiwa na serikali yake ya Buganda, hadi kilipounganishwa na Kampala mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya falme kufutwa. Mengo ilikuwa na mfalme wa kuipigania na ilimezwa hivyohivyo. Hata hivyo jina lake bado lina uzito katika siasa za Uganda, kwa sababu nyuma yake kuna taasisi. Jina la Buyenzi nyuma yake lina kumbukumbu tu, pamoja na soko.

Mji nao umemezwa

Jambo lililo jipya kabisa katika mageuzi ya sasa ni kwamba Bujumbura yenyewe imeonjeshwa dawa iliyoinywesha Buyenzi. Tangu Januari 2019 Gitega ndiyo makao makuu ya kisiasa. Sasa Mji wa Bujumbura, uliokuwa mkoa wa peke yake wenye meya, umeunganishwa na uliokuwa mkoa wa Bujumbura vijijini, Bubanza na Cibitoke, pamoja na sehemu ya Rumonge, chini ya gavana mmoja. Jina Bujumbura limepanuka hadi mpaka wa Rwanda, na jiji lenyewe, kama mtu mmoja mwenye ofisi moja, halipo tena. Anayetaka kulizungumzia jiji zima kwa sasa, maji yake, barabara zake, taka zake, hana budi kuzizungukia komine tofauti, kisha kwenda kwa gavana ambaye asubuhi hiyohiyo anaweza kuwa Cibitoke akikagua mihogo.

Wakazi wa Rohero, waliozoea kuwa karibu na mlango wa meya, wameanza kuonja kile ambacho Buyenzi imekionja kwa miaka kumi. Sijui kama hilo litawafanya waelewane.

Kuna kinaya kingine kinachofaa kuonwa. Wakati Buyenzi ikipoteza kiti chake, lugha yake inapanda ngazi. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kikaingia madarasani, na mwaka 2021 wakuu wa nchi za jumuiya hiyo walikipitisha kuwa lugha rasmi pamoja na Kifaransa. Julai 7 kila mwaka viongozi mjini Bujumbura huadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba. Lugha ambayo Wabelgiji waliizungushia mstari, na ambayo baada ya uhuru ilichukuliwa kuwa ya wachuuzi na madereva, sasa inahesabiwa kuwa mali ya taifa. Wenye lugha hiyo hawakupewa nafasi ya ziada kwa sababu hiyo. Mwalimu wa Kiswahili anayehitajika Ngozi au Ruyigi anaweza kuwa kijana wa Buyenzi, ilimradi ana cheti, na vyeti ndivyo vilivyokuwa adimu mtaani humo tangu enzi ya misheni.

Kongo nayo iko karibu mno kusahauliwa. Uvira iko upande wa pili wa ncha ya ziwa, safari isiyofika saa moja barabara ikiwa wazi. Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23 Februari 2025, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka kuingia Burundi. Wengi waliishia kambini. Lakini kila wimbi la namna hiyo, tangu miaka ya 1960, huacha watu katika mitaa ya Kiswahili ya Bujumbura, kwa ndugu au kwa watu wanaozungumza kama ndugu. Zoni inayopokea watu wasiohesabika inahitaji kitengo cha kuwahesabu, na shule, na zahanati. Haya hayapangwi katika zoni. Hupangwa katika komine.

Mpango wa komine

Kinachopaswa kufuatiliwa katika miezi ijayo ni waraka usiovutia macho: mpango wa maendeleo wa komine. Kila komine ya Burundi hutakiwa kuwa nao, na komine zilizochorwa upya hazina budi kuuandika upya. Humo ndimo itakapoonekana kama Mukaza inaitazama Ruvumera kama soko la kuendelezwa au kama sanduku la kukusanyia ushuru, kama mifereji ya barabara zenye namba imetajwa, na kama ukingo wa Ntahangwa una mstari wa bajeti au una sentensi ya kusikitika tu.

Waliochaguliwa na wakazi wa Buyenzi peke yao, wasiochangia kura na zoni nyingine, ni wajumbe wa mabaraza ya mitaa waliopatikana katika kura ya Agosti 2025. Ni watu watano kwa kila mtaa, waliogombea kwa majina yao, kwa kuwa katika ngazi hiyo sheria hairuhusu orodha za vyama. Kazi yao ya kawaida ni kusuluhisha ugomvi wa ukuta, kumpatanisha mpangaji na mwenye nyumba, kuitisha kazi za jumuiya siku ya Jumamosi. Hawana bajeti. Lakini mpango wa komine, kabla ya kupitishwa, hupaswa kusikiliza maoni kutoka ngazi ya mtaa, na wajumbe hao ndio watakaokaa upande wa pili wa meza siku ofisa wa Mukaza atakapofika na karatasi zake, kama atafika, kuuliza Buyenzi inataka nini kiandikwe kwanza.